Viraka vya boti za faiba vipimwe kwa picha

Boti ya faiba ikipandishwa ufukweni hapa Mombasa, aghalabu hukaguliwa kwa jicho na kwa kugongwagongwa: fundi husikiliza, na sauti ikififia hujua tabaka zimeachana. Naiheshimu elimu hiyo, wala sisemi iachwe. Ila sauti haielezi ubavu utanyumbuka kiasi gani boti ikijaa abiria na kupigwa na mawimbi ya kusi, na hapo ndipo naamini upimaji kwa picha ungetufaa sana.

Njia hii ilianza kuendelezwa katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sehemu inayopimwa hupakwa rangi nyeupe isiyong'aa, kisha hunyunyiziwa vidoa vyeusi bila mpangilio wowote. Picha hupigwa kabla ya mzigo na mzigo unapoongezwa. Programu huigawa picha ya kwanza katika vipande vidogo, ikavitafuta vipande hivyo katika picha zinazofuata, na kwa kuwa kila kipande kina vidoa vyake, hutambua hata msogeo ulio mdogo kuliko pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Ubavu uliopinda huhitaji kamera mbili.

Faiba si kama chuma. Ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu; nguvu yake hutegemea nyuzi zimelazwa kuelekea wapi, na resini huanza kupasuka kabla nyuzi hazijakatika. Boti iliyojigonga gatini yaweza kuonekana nzima kwa nje ilhali ndani tabaka zimebanduka. Kipimo cha kubandika, kile kijipande kinachogundishwa juu ya ubavu kupima mnyumbuko, husoma pale kilipobandikwa tu, lakini picha husoma eneo zima, hivyo kiraka kisichoshika hujifichua ukingoni, mnyumbuko unapopanda ghafla.

Kamera, bila shaka, huona ngozi tu. Ya ndani kabisa yataka eksirei au mawimbi ya sauti. Tena rangi ikipakwa ovyo au mwanga ukibadilika, majibu huharibika.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kando ya maji yaleyale. Ningependa mafundi wapeleke huko vibao vya faiba walivyovitia viraka kwa mikono yao, vingine kingo zikiwa zimechongwa mteremko mrefu, vingine mfupi, vivutwe mbele ya kamera hadi vikatike, na picha zisomwe fundi mwenyewe akiwepo.