Aliyenyonyoa nsenene ndiye aonje kwanza

Jumamosi iliyopita mvua ilianza saa kumi jioni hapa kwetu Seeta, Uganda, na haikuacha mpaka usiku, yunifomu za skuli zimetundikwa sebuleni kwenye kamba niliyofunga toka dirishani mpaka kwenye msumari wa kalenda, Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, imebaki yuniti mbili na hakuna mtu anataka kutoka kwenda kununua nyingine, na mimi nimekaa mkekani na wasichana wangu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa mitano, tumezunguka beseni la nsenene, wale panzi wa kuliwa, tunanyonyoa mabawa na miguu. Baba yao yuko kwenye kochi anaangalia Arsenal kwenye simu maana TV tumeizima kuokoa umeme. Kila baada ya dakika chache anauliza, "Bado?"

Hiyo "bado" yake ndiyo imenifanya niandike.

Maana mimi msimamo wangu ni huu na nimeshausema ndani ya nyumba, sasa nausema na huku nje: kwenye nyumba yangu bakuli la kwanza la nsenene linaenda kwa wale waliokaa chini wakanyonyoa. Haliendi kwa mwenye nyumba, wala mgeni, wala mjomba aliyepita tu kusalimia akasikia harufu. Wasichana wangu wanakula kwanza, halafu wengine.

Najua kuna watu washaanza kucheka, ati huyu mama anapigania panzi. Ngojeni kwanza.

Mwezi wa kumi na moja hapa Uganda nyumba inakuwa na maisha yake. Muhula wa tatu unakaribia kuisha, watoto wa P7 wanafanya PLE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, na mtaa mzima unanong'ona kama kuna mgonjwa, barabara yetu ya udongo imekuwa uji, boda akikufikisha getini unamshukuru Mungu, mkaa umelowa, na nguo ukifua Jumatatu unazivaa Ijumaa zikiwa bado na ubaridi. Waganda huu mwezi wanauita Museenene, yaani wameupa jina la hawa wadudu kabisa. Dada yangu anaishi Manchester, alinipigia video juzi akanionyesha watoto wake wanarusha majani makavu kwenye bustani, mekundu na ya njano, vizuri sana kwa kweli, binti yangu mdogo akachukua ngumi nzima ya mabawa ya nsenene toka kwenye gazeti akayarusha juu mbele ya kamera akasema na sisi tunayo. Niliyafagia mpaka kesho yake asubuhi. Mengine bado yako chini ya friji.

Kwa asiyejua, kunyonyoa si mchezo. Nsenene zikianguka nyingi kule Masaka, wale wenye mitego wanawasha taa kali usiku kucha, wanachoma nyasi zitoe moshi, mdudu anakuja kwenye mwanga anagonga mabati yaliyosimamishwa anateleza anaingia kwenye pipa, basi asubuhi magunia yanapakiwa yanakuja Kampala na mpaka huku kwetu jamaa wanapita katikati ya magari kwenye jamu wakipima kwa mkebe. Unaweza kununua zilizonyonyolewa tayari, bei iko juu, ama unanunua zenye mabawa na miguu unapambana nazo nyumbani. Mimi nanunua zenye mabawa, sababu ya kwanza ni hela, tusidanganyane. Unashika kichwa, unang'oa mabawa, halafu miguu ile ya nyuma yenye vimiiba, taratibu usipasue tumbo maana mafuta yakitoka umeharibu. Vidole vinateleza kwa hiyo tunachovya kwenye majivu. Na zinauma! Yule mdogo aling'atwa kidole cha shahada akalia, akanyamaza, akarudi mkekani akaitafuta ile ile iliyomuuma. Mkubwa anazipanga kwa rangi, za kijani huku, za kahawia huku, na zile za zambarau ambazo ni chache wanagombania kama peremende. Masaa mawili, matatu, mgongo unauma, unaangalia beseni unaona kama halijapungua.

Halafu zinaingia kwenye sufuria kavu bila mafuta, zinatoa ya kwao, unaongeza kitunguu na chumvi na pilipili kidogo, zinaanza kulia tss tss tss, na hapo ndipo nyumba nzima inakumbuka njia ya kwenda jikoni.

Mwaka jana mama mkwe alikuwa kwetu, ametoka kijijini upande wa Masaka huko huko, kaja na matoke na maboga na parachichi gunia zima. Ni mwanamke nampenda sana, nasema hivo kabla sijaendelea. Nsenene zikaiva, akachukua bakuli kubwa akajaza, akampa binti yangu mkubwa akasema mpelekee taata, yaani baba. La pili akajaza, la jirani mwanaume aliyekuwa amekuja kuangalia mpira. Chini ya sufuria zikabaki vijiko kama vitatu na vipande vya kitunguu. Binti yangu mdogo, wakati huo hata miaka minne alikuwa hajamaliza vizuri, akasimama mlangoni akaangalia sufuria akaniangalia mimi akasema, "Mama, mimi ndiye nilinyonyoa."

Nilinyamaza. Naona aibu kuandika lakini nilinyamaza, nikamwambia tutanunua nyingine kesho.

Usiku watoto wamelala tukakaa na maama, huyo mama mkwe wangu, tunakunywa chai, nikamuuliza polepole. Akanieleza kwamba zamani, kabla ya mataa haya, wanawake na watoto ndio waliamka alfajiri kwenda kuokota kwenye nyasi wakati umande bado umelowesha mabawa na nsenene haiwezi kuruka. Wao ndio walinyonyoa na wao ndio walikaanga. Na mwanamke hakula. Kama ambavyo kuku hakula na yai hakula, vilikuwa vya mwanaume. Mume akifurahi anakununulia gomesi mpya, lile gauni refu la heshima. Nikamwambia maama, na wewe je? Akasema mama yake mzazi alikufa hajawahi kuweka nsenene mdomoni, alizijua kwa vidole tu. Yeye mwenyewe siku hizi angeweza kula, nani atamkataza, ila hana hamu, alikua nazo zikiwa si chakula chake.

Hiyo ya kuzijua kwa vidole tu ilinikosesha usingizi wallahi.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi nimekulia Walukuba kule Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda, mlango huu Mganda, huu Msoga, huu Mluo, huu Mnubi, wote tunaongea Kiswahili (mpaka leo majirani wakinisikia naongea na wanangu wanadhani mume wangu ni mwanajeshi, maana hapa Kiswahili wanakiona lugha ya jeshi, maskini anauza spea za magari), kwa hiyo desturi za watu nimezoea kuziheshimu maana bila hivo hatungekaa. Wanangu wanampigia jajja yao, yaani bibi, magoti wakimsalimia na sina shida na hilo hata kidogo. Na kuna rafiki yao mtoto wa jirani ambaye ukoo wao ni Nsenene kabisa, huo ndio muziro wao, mwiko wa ukoo, hawali. Anakuja kukaa na sisi, hagusi, umeme ukikatika yeye ndiye anashika simu yenye tochi, na nikikaanga yeye namuwekea chapati yake pembeni. Hajawahi kulia. Na kwa nini alie, baba yake hali, kaka zake hawali, shangazi hawali, ni kitu cha ukoo mzima, wamekibeba wote pamoja. Huo mwiko nauelewa.

Ila mwiko unaomfunga yule yule aliyefanya kazi na kumwacha aliyekaa kwenye kochi, huo nauangalia vizuri mara mbili. Na kitu kinachonisumbua ni kwamba ukiuliza leo hakuna anayesema mwanamke asile, hata kijijini wanacheka, wasichana wa chuo wanakula njia nzima kwenye taksi, mwaka 2021 kuna jamaa aliziuza ndani ya ndege iliyokuwa inaenda Dubai na abiria wa kila aina wakanyoosha mikono. Katazo limekufa. Lakini ule mpangilio wa bakuli umebaki! Mkono wa maama ulijaza bakuli la mwanaume kwanza bila hata yeye kufikiria, na mkono wangu mimi, mtoto wa Walukuba mwenye diploma, ukamwacha ajaze. Na sio nsenene tu, angalia kuku siku ya Krismasi, firigisi inaenda wapi. Angalia nani analala na njaa kidogo siku wageni wamekuja ghafla.

Rafiki yangu mmoja kazini nilipomweleza akasema suluhisho rahisi, usiwanyonyoeshe watoto, nunua zilizo tayari, mbona unawatesa. Hapana. Hapo mimi nakataa kabisa. Yale masaa matatu mkekani ndiyo napata habari zote, nani amemsukuma nani kwenye foleni ya uji, mwalimu gani amekuja na nywele mpya, mkubwa aliniambia pale pale, macho yake yako kwenye nsenene wala hayanitazami, kwamba anaogopa hesabu za kugawanya, kitu ambacho ningemuuliza kwenye meza ya homuwaki angeniambia "niko sawa mama". Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Skuli zilipofungwa Machi 2020 mpaka Januari 2022 huyu mkubwa alikuwa ndio kwanza ameanza nesari, karibu miaka miwili tukachambua naye maharage na mboga ya dodo kwenye mkeka huo huo, na mimi nasema nusu ya anachonijua mimi alikijulia pale. Kwa hiyo kazi iendelee, sijalalamikia kazi.

Baba yao naye tumeongea. Mwanzo alifanya mzaha, akasema yeye ndiye ametoa hela ya mkebe. Nikamwambia mkebe wa juzi nimetoa mimi. Akasema vidole vyake vinene, atazipasua. Mdogo akamletea sahani ya majivu akaiweka pale kwenye kochi bila kusema kitu, akarudi akakaa. Alinyonyoa kama kumi na tano hivi, nyingi alizipasua kweli, hakudanganya, halafu Arsenal wakafunga goli akasimama na zile zake zote zikamwagika kwenye kapeti.

Jumamosi hiyo basi nilipoepua nilichukua vile vibakuli viwili vya plastiki vya uji, nikajaza, nikawapa mkekani pale pale kabla sijatafuta sahani nyingine. Mkubwa akaniuliza, "Na taata?" Nikamwambia taata anakuja. Alikula taratibu sana yule, moja moja, anaangalia mlango kama ameiba, na mimi nikaona kumbe kazi bado ninayo. Mdogo hakumwangalia mtu.

Leo wanasema Masaka zimeanguka tena na maama amepiga simu anakuja wikendi na gunia la matoke. Nimeshanunua mikebe miwili. Mkeka nimeuweka karibu na kochi.