Kabla ya kuuliza kodi ya fremu ya mgahawa, uliza miaka

Mtu akisema amepata fremu ya mgahawa katikati ya jiji, swali la kwanza analorushiwa ni lilelile: wanataka kiasi gani kwa mwezi? Kodi ndiyo inayotajwa kwenye tangazo, ndiyo dalali anayoimba, na ndiyo mke au mume atakayoulizia nyumbani. Mimi kazi yangu ni mahesabu ya migahawa na baa, na nimekaa kwenye meza nyingi ambapo kodi ilipiganiwa mpaka senti ya mwisho huku mambo mazito yakipita kimyakimya. Ningepewa maswali mawili tu ya kumuuliza mpangaji mpya, kodi isingekuwamo. Ningeuliza amepewa miaka mingapi, na kama anaruhusiwa kumuuzia mtu mwingine nafasi yake.

Nina sababu. Duka la nguo likihamishwa, mwenyewe anapakia mzigo na rafu zake kwenye gari, na jioni anafungua kwingine. Mgahawa hauhami hivyo. Pesa zake nyingi zimezikwa ndani ya jengo la mtu: bomba la kutoa moshi, mtego wa mafuta chini ya sakafu unaonasa mafuta ya jikoni yasiingie mferejini, mifereji ya maji machafu, umeme wa fezi tatu, mabomba ya gesi, chumba cha ubaridi, vigae, vyoo, kaunta. Siku ya kuondoka utabeba viti, masufuria na baadhi ya majiko. Vilivyofungwa kwenye jengo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mali ya jengo, na mikataba mingi inalisema hilo waziwazi. Kwa maneno mengine, mpangaji wa mgahawa anamjengea mwenye nyumba kwa pesa yake, kisha anamlipa kodi ili akae ndani ya alichokijenga. Atarudishiwa na nini? Muda wa kutosha wa kuuza chakula na vinywaji humo ndani, au mnunuzi atakayempa kilemba, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, siku akichoka.

Tufanye hesabu ndogo. Chukulia matengenezo ya kufungua yatakula kiasi sawa na kodi ya miezi 36, jambo ambalo si la ajabu kwa jiko linalojengwa kutoka sifuri. Ukiwa na mkataba wa miaka 3, umejiongezea kodi mara mbili bila kujua: kila mwezi unalipa moja kwa mwenye nyumba na nyingine kwa mafundi waliokwishaondoka. Ukiwa na miaka 10, mzigo uleule unaongeza asilimia 30 tu. Sasa niambie, fremu ya kodi nafuu yenye miaka 3 na fremu inayoizidi kidogo kwa kodi lakini ina miaka 10, ipi ya bei rahisi? Bado nakutana na watu wanaojisifu kwamba wameshusha kodi kwa asilimia 10 na kukubali muda mfupi "ili wasijifunge". Kwa mwenye ofisi ya meza na kompyuta, sawa. Kwa mwenye jiko, huko si kutojifunga, ni kumpa mwenye nyumba kamba aivute atakapotaka.

Muda nao haumaanishi kitu kimoja kila mahali. Ufaransa imezoea mikataba ya biashara ya miaka 9 ambayo mpangaji anaweza kujitoa kila baada ya miaka 3. Muda ukiisha ana haki ya kuhuishiwa mkataba, na mwenye jengo akikataa bila sababu inayokubalika kisheria hulazimika kumlipa fidia. Uingereza ina sheria ya mwaka 1954 inayompa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba mpya, ila pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana kuiweka kando, na wenye majengo wengi wa London hupenda sana iwekwe kando. New York hakuna cha kukulinda. Udhibiti wa kodi za biashara uliokuwepo huko baada ya Vita vya Pili vya Dunia uliisha mwaka 1963, na tangu hapo mkataba ukifika mwisho umefika mwisho. Union Square Cafe, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1985 na kupendwa na jiji zima, ulifunga mlango wake mwishoni mwa 2015 kwa sababu kodi mpya haikubebeka. Bahati nzuri mwenye mgahawa alikuwa na mfuko wa kuufungua tena mitaa michache mbele. Mgahawa wa The Four Seasons, uliokuwa ndani ya Jengo la Seagram jijini humo tangu 1959, nao uliondoka mwaka 2016 baada ya mwenye jengo kukataa kuhuisha mkataba. Vyombo na samani vikapigwa mnada. Hiyo ilikuwa migahawa yenye jina kubwa. Biashara kuwa nzuri haimfungi mwenye nyumba kwa lolote, tena wakati mwingine ndiyo inayomfungua macho.

Kwa hiyo omba nafasi ya kuhuisha iandikwe tangu mwanzo, na iandikwe pamoja na njia ya kupata kodi mpya. Kipengele kinachosema "kodi itakuwa ya soko wakati huo" halafu kikanyamaza ni ugomvi uliowekewa akiba. Andika nani atathmini, mkitofautiana nani aamue, na isipande kupita kiwango gani.

Sasa kilemba, ambako naona watu wanaumia zaidi. Unapoingia unamlipa mpangaji anayetoka ili akuachie jiko, vyombo na nafasi yake. Siku ya kutoka unatarajia nawe ulipwe. Lakini mkataba ndio unaoamua kama una kitu cha kuuza. Karibu kila mkataba utasema huwezi kuhamisha bila ridhaa ya mwenye jengo. Hilo halina tatizo, mradi iongezwe kwamba hatakataa bila sababu ya msingi na atajibu ndani ya siku zilizotajwa. Bila maneno hayo, mnunuzi wako atasubiri, atachoka, ataenda zake. Kisha kuna kipengele kibaya zaidi, kinachojificha kurasa za nyuma: ukiomba kuhamisha, mwenye jengo ana haki ya kuchukua chumba chake badala ya kukubali. Soma tena. Umeleta mnunuzi, umeonyesha kwamba mahali pana thamani, na yeye anaruhusiwa kukuambia asante, lete funguo. Kesho yake anaweza kumpangisha mnunuzi yuleyule na kilemba kikaingia mfukoni mwake. Kipengele hicho mimi ningekipigania kuliko kodi ya mwaka mzima. Kama hakiondoki kabisa, angalau uwe na haki ya kufuta ombi lako mara akitaka kukitumia.

Angalia pia kama kuuza hisa za kampuni yako kunahesabiwa kuwa ni kuhamisha. Wengi huingiza mbia mwaka wa pili, pesa zinapokauka, na kugundua kwamba wamevunja mkataba.

Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi wa kilemba, omba orodha ya vitu na uzungumze na wenye vitu. Kwenye baa hasa. Friji lenye nembo ya kinywaji mlangoni mara nyingi ni la msambazaji. Bomba za bia kaunta zinaweza kuwa za kiwanda. Mashine ya kahawa huenda imeazimwa kwa sharti la kununua kahawa kwa kampuni hiyo. Mashine ya kuosha vyombo labda inalipiwa kwa mwezi. Muuzaji atakuzungusha humo akigonga kila chombo kwa kiganja na kusema "hiki kinabaki", na hasemi uongo. Kinabaki kweli, mpaka mwenyewe atakapokuja na gari.

Nihamie kwenye bomba la moshi, maana linaua mipango mingi kuliko mkataba wenyewe. Moshi wa jiko la kukaanga na kuchoma kwenye majiji mengi unatakiwa upandishwe kwa bomba mpaka paani, mbali na madirisha ya watu. Kama fremu iko chini ya jengo la ghorofa 8, bomba hilo lazima lipite mahali: ndani ya njia iliyojengwa tangu mwanzo, au ukutani kwa nje mbele ya madirisha ya wapangaji wa juu, ambao hawana sababu yoyote ya kukupenda. Jengo likiwa la kihistoria, huenda hata ukuta wa nje usiruhusiwe kuguswa. Ndiyo maana fremu iliyokuwa duka la viatu inaweza kuwa na kodi ya kuvutia na bado isifae kitu kwako.

Ukiambiwa "bomba lipo", lifuate. Simama chini ya kofia ya kunyonya moshi, chomoa kichujio kimoja, washa tochi ya simu na utazame ndani. Chuma kiwe kimeunganishwa vizuri, na mafuta yaliyoganda yatakueleza kama mtangulizi wako alikuwa akilisafisha. Kisha panda paani ukaangalie feni, uiwashe, urudi chini uone karatasi nyepesi inavutwa kwenye kichujio au inaanguka. Nimewahi kusimama kwenye jiko zuri la kung'aa ambalo bomba lake liliishia juu tu ya dari ya mapambo, kama hatua moja hivi, halikwenda popote. Mpangaji aliyetangulia alikuwa anauza kahawa na keki, hakuwahi kukaanga kitu. Dalali aliyetuleta alinyanyua macho, akasema hilo "linamalizika kirahisi". Labda. Kwa pesa ya nani, ndilo swali.

Mtego wa mafuta nao ufunuliwe, harufu na iwe harufu. Jua ukubwa wake, nani huunyonya, na kama mgahawa wa jirani anautumia pia. Umeme, gesi na presha ya maji vikaguliwe na fundi wako, asiwe wa kwao. Na chumba kipimwe kwa futi yako mwenyewe, maana eneo linaloandikwa kwenye mkataba hutokea likahesabu nguzo, kuta na sehemu ya korido ambako hutaweka hata stuli.

Leseni ya vileo ina kanuni moja tu kwangu: kodi isianze kuhesabiwa kabla ya leseni, na leseni ikikataliwa mkataba ufe bila deni. Wenye majengo hulalamika, lakini wakitaka baa ndani ya jengo lao wakubali hatari ya baa. Hatari hiyo ni ya kweli. New York, leseni ya pombe kali haitolewi kwa baa iliyo ndani ya futi 200, kama mita 60, kutoka shule au nyumba ya ibada iliyo mtaa uleule. Na ikiwa ndani ya futi 500 tayari kuna leseni tatu au zaidi za namna hiyo, unatakiwa uonyeshe kwenye kikao kwamba yako ina manufaa kwa umma. Ndiyo kusema mtaa uliochangamka, ule unaoutamani kwa sababu una baa nyingi, ndio mgumu kuongeza baa. London nako halmashauri huweka maeneo ambayo leseni mpya hupingwa kwa kuwa zilizopo zimezidi. Tena tangu Septemba 2020 mipango miji ya Uingereza imeuweka mgahawa kundi moja na maduka na ofisi, lakini baa iko peke yake na kugeuza duka kuwa baa kunahitaji kibali. Fremu "inayofaa kwa mgahawa na baa" kwenye tangazo ni maoni ya aliyeandika tangazo.

Kodi sasa, kwa kuwa najua mnaisubiri. Wazoefu hutaka gharama yote ya kukaa mahali, yaani kodi ya pango, bima, kodi ya serikali juu ya jengo na ada za huduma, iwe kati ya asilimia 6 na 10 ya mauzo. Ukipita hapo, jiko na wafanyakazi ndio watakaobanwa. Mwenye jengo akitaka asilimia ya mauzo juu ya kodi ya msingi, kizingiti hupatikana kwa kugawa kodi ya msingi kwa asilimia hiyo: kodi ikiwa 60 na asilimia ni 6, analipwa ziada pale tu mauzo yanapovuka 1,000. Napenda mpango huo, ajabu, kwa sababu unamfanya naye atamani ujaze meza. Ila "mauzo" yafafanuliwe. Bahashishi, kodi ya serikali, chakula cha wafanyakazi na kamisheni inayokatwa na programu za kuletea chakula visiwemo.

Limebaki jina lako. Utaombwa udhamini binafsi, yaani kampuni yako ikishindwa kulipa udaiwe wewe mwenyewe, na mpangaji mpya mara nyingi hana ujanja wa kuukwepa. Upunguze. New York wanao mtindo ambao mdhamini anawajibika mpaka siku mpangaji anapotoa taarifa, analipa kodi yote mpaka siku hiyo, anasafisha chumba na kukabidhi funguo. Baada ya hapo anayeandamwa ni kampuni, nyumba ya mdhamini haiguswi. Mtindo huo unaweza kuombwa jiji lolote. Mwenye jengo anapata chumba chake haraka bila kwenda mahakamani, nawe hulipi miaka iliyobaki ya fremu ambayo mtu mwingine tayari anapikia. Akikataa hata hilo, rudi kwenye muda na kilemba uone amekuachia nini, na kama hujaona kitu, mwambie dalali akuonyeshe fremu nyingine.