Kampuni ya Nota Inapouzwa, Mtunzi Naye Huuzwa?

Boosey & Hawkes, kampuni ya London inayochapisha nota za muziki, iliyoundwa mwaka 1930 kwa kuunganisha kampuni mbili, ilibadilisha wamiliki mara tatu katika muda usiozidi miaka 15: mwaka 2003 ilichukuliwa na HgCapital, kampuni ya uwekezaji; mwaka 2008 ikaenda kwa Imagem, iliyoungwa mkono na mfuko wa pensheni wa Uholanzi; na mwaka 2017 ikanunuliwa na Concord, kampuni ya muziki ya Marekani. Mauzo ya namna hii huwatia hofu watunzi, na hofu hiyo ina msingi. Aliyekwisha kuhamisha haki zake kwa mkataba hana kauli mkataba huo unapopata bwana mpya. Tena nota za okestra aghalabu hukodishwa: makaratasi yenye alama za penseli za wapiga fidla waliotangulia hutumwa, hutumika, kisha hurudi ghalani. Mmiliki akiona kazi fulani hailipi gharama za kuitunza, kazi hiyo hunyamaza ingawa hakimiliki yake bado i hai.

Hata hivyo, ghala, wahariri na uchapaji wa kompyuta vinataka mtaji, ambao kampuni ya familia huenda isiwe nao. Isitoshe, mali yenyewe hupungua: Ulaya hakimiliki hukoma miaka 70 baada ya mtunzi kufariki, hivyo kati ya watunzi wa Boosey, Bartók, aliyefariki mwaka 1945, amekwisha kutoka katika ulinzi huo, na Stravinsky atafuata mwisho wa mwaka 2041. Mmiliki anayekusudia kukaa atalea watunzi wapya. Anayekusudia kuuza upesi ni kama aliyekodi shamba la mikorosho Newala: atapuliza salfa na kuokota korosho, lakini miche hapandi. Kwangu mimi, muda ambao mnunuzi anakusudia kukaa ni hoja nzito kuliko uraia wake.

Mwanakwaya wa Ndanda au Masasi anayeimba Aleluya Kuu ya Handel kwa fotokopi iliyofifia ya do-re-mi hana la kuhofia. Handel alifariki mwaka 1759. Mwenye shida ni mtunzi wetu wa nyimbo za Kiswahili, ambaye sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda hadi miaka 50 baada ya kifo chake, ilhali nota zake huzunguka kwa WhatsApp bila mchapishaji wala malipo. Siku mchapishaji atakapomfikia, na asaini, ila kwanza adai kifungu kinachomrudishia haki zake iwapo mmiliki yeyote, wa sasa au wa baadaye, ataacha kuzitoa nota hizo kwa wanaozihitaji.