Fomalini kwenye ndoo ya sabuni

Kwenye maduka ya malighafi za sabuni Kariakoo unataja shida yako, unapimiwa: salfoniki kwenye dumu, ungaroli nzito kama asali, magadi, chumvi ya mawe, rangi, pafyumu ya limao. Mwisho unaongezewa kichupa kisicho na maandishi. "Hii ndiyo inazuia isioze." Ni fomalini, ileile ya mochwari.

Tukizungumzia sumu za majumbani, wengi hukimbilia mkorogo, zile krimu za kujichubua. Kwenye krimu zenye zebaki sioni cha kubishania: zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuviondoa kabisa vipodozi vya aina hiyo, mwisho ukiwa 2025. Sabuni ya maji ni kesi ngumu zaidi, maana yenyewe tunaihitaji.

Wanaoitetea fomalini wana hoja. Sabuni ya maji isiyo na kihifadhi ni karamu ya bakteria. Kwa joto la Dar la Februari, dumu likikaa wiki kadhaa linaanza kunuka na sabuni inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Mama anayekoroga lita 20 chumbani kwake Manzese akimwaga dumu moja, mtaji umekwenda. Fomalini ni rahisi, na kidogo tu kinatosha. Halafu sabuni hiyo, inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizokwishatumika, ndiyo inayoosha sahani za mama lishe na mikono ya watoto katika jiji linalokijua kipindupindu.

Upande wa pili nao ni mzito. Mwaka 2004 shirika la IARC, linalochunguza visababishi vya saratani chini ya WHO, liliiweka fomaldehidi, gesi iliyoyeyushwa ndani ya fomalini, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi.

Ila hapa watu huchanganya mambo. Ushahidi mkubwa wa saratani unatoka kwa wanaovuta hewa yake kazini, mwaka baada ya mwaka. Anayesugua sufuria kwa sabuni iliyochanganywa na maji hayuko kwenye hatari ileile. Kwake shida ni mzio, mikono kuwasha na kupasuka. Anayebeba mzigo mkubwa ni mkorogaji mwenyewe.

Nilimkuta jirani yangu akiimimina. Chumba kina dirisha moja, nalo lina pazia.

"Dada, unapimaje?"

"Kwa kizibo. Sabuni ikiwa nyingi naongeza kingine."

Macho yalinitoka machozi, nikarudi mlangoni. Alicheka: "Utazoea." Na kweli pua huzoea. Mapafu sijui kama yanaambiwa.

Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani tunayo tangu 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wana alama yao ya ubora. Lakini chupa ya sabuni ya Manzese ina lebo ya maji ya kunywa, kama lebo haijabanduka. Wapo wanaotaka msako wa nyumba kwa nyumba. Mimi naona utazalisha jambo moja tu: sabuni ileile kukorogwa usiku, madirisha yamefungwa.

Pa kubana ni kaunta. Duka la malighafi lina leseni na mlango unaojulikana. Fomalini isitoke pale ndani ya kichupa bila jina wala onyo. Wa pili wa kubanwa ni walimu wa semina za ujasiriamali, ambao kanuni zao huzunguka WhatsApp zikiwa na fomalini kama kiungo cha kawaida.

Mbadala upo, ila una bei. Sodiamu benzoeti inayopendekezwa sana hufanya kazi vizuri kwenye kitu chenye uchachu. Kwenye sabuni iliyozidi magadi inalegea. Kukoroga kidogo kidogo na kuuza haraka kunasaidia, kwa nauli ya Kariakoo mara mbili. Mimi ningelipa mia mbili zaidi kwa chupa. Mama lishe anayenunua chupa tatu kwa wiki ana hesabu nyingine.

Nilimweleza jirani haya yote. Akasikiliza, akafuta mwiko.

"Sasa ikioza, hela yangu ya salfoniki ananirudishia nani?"

Sikuwa na jibu. Tulishika ndoo, yeye huku mimi kule, tukaitoa uani.