Pua ya Umeme na Mtungi wa Gesi

Miezi minne nilikuwa napika unga. Unadondoshea amonia kwenye kloridi ya bati, inaganda kama uji wa muhogo, unasuuza na kusuuza hadi klorini itoke, unakausha, kisha tanuri nyuzi 500. Kinachobaki ni oksidi ya bati, chembe za nanomita chache. Ukipiga chafya karibu, kazi ya wiki nzima imehamia dirishani. (Nimewahi. Tuyaache.)

Unga huo nikaupaka kwenye kigae chenye mistari ya dhahabu, nikaupasha hadi nyuzi 300, uwe kihisi cha gesi ya kupikia. Oksijeni ya hewani hung'ang'ania chembe na kunyakua elektroni zinazobeba umeme, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda. Gesi ikija, inaila ile oksijeni, elektroni zinarudi kwao, ukinzani unaporomoka.

Na ukaporomoka kweli! Navuta gesi mtungini kwa bomba la sindano, naingiza kwenye boksi la kioo, mita ya ukinzani inaanguka kama embe bivu. Siku tano mfululizo. Wiki hiyo nilikuwa na mafua makali, pua zimeziba zote mbili, najipaka kitakasa mikono kila dakika nisiwaambukize wenzangu. Lakini furaha! Nilimpigia mama simu, naye akawatangazia kina shangazi kwamba mwanawe ametengeneza pua ya umeme.

Jumatatu mafua yamekwisha, Prof akaja kujionea.

"Haya kijana, anza."

Nikaingiza gesi. Mita kimya. Nikaongeza. Kimya. Jasho likanitoka hadi viwikoni. Fundi wa maabara akauendea mtungi, akaunyanyua kwa kidole kimoja.

"Mbona mtupu huu? Uliisha tangu wiki juzi."

Nilitamani kigae cha sakafu kifunguke. Viganja vimelowa jasho, sijui niviweke wapi, mkono ukaifuata wenyewe ile chupa ya kitakasa. Nikajipaka, nikaegemea boksi.

Mita ikaanguka kama embe.

Siku tano nilikuwa napima mikono yangu.

Prof akanishika kiganja, akakinusa, akaitazama mita kwa muda mrefu. "Spiriti," akasema. "Kwa spiriti hiki ni hodari. Hata ya kwenye pumzi kitaikamata."

Fundi, aliyekuwa harusini hadi alfajiri, akarudi nyuma hatua tatu na kuziba mdomo.