Mjomba na Ubatizo wa Maji Mengi

Siku ya ubatizo wangu tulimsihi mjomba asije. Si kwa ubaya. Mjomba ni mtu wa chupa, na akishaonja huitikia "Amina!" hata pale mhubiri anapovuta pumzi tu. Akaja vilevile, akaketi ukingoni mwa mto, viatu mkononi.

Mchungaji akahubiri juu ya ulevi, macho yake yakielekea upande mmoja. Mimi nilikuwa majini hadi kifuani, meno yanagongana, na wasiwasi wangu: nina hasira za karibu, nikahofu nitatoka mtoni nazo. Ndiyo, Musa alimuua Mmisri akamficha mchangani, Yakobo alimlaghai baba yake kipofu, na Mungu akawatumia. Lakini hao walikufa zamani, na marehemu husamehewa upesi.

Zamu yangu ikafika. Mchungaji akanishika kisogo, akataja Baba, akataja Mwana, na kabla hajamfikia Roho Mtakatifu akakanyaga pindo la joho lake. Tukazama wote wawili. Naamani, yule mkoma wa kwenye Biblia, alijichovya mto Yordani mara saba. Sisi tuliipita hesabu yake. Nikiibuka, ananikamata, akiibuka, namkamata. Kwaya kuona mikono inapunga juu ya maji ikajua Roho ameshuka, ikapandisha sauti. Mashemasi wakafumba macho wakaomba. (Nawapenda sana, ila hakuna hata mmoja aliyechungulia.)

Aliyeona ni mjomba. Akatupa viatu, akajitosa na suruali yake, akamkwida Mchungaji ukosi, mimi akanishika sikio, akatuburuta nchi kavu huku akifoka, "Nyamazisheni hiyo kwaya, watu wanakufa!"

Mchungaji akatapika maji weee. Alipopata sauti, harufu ya mjomba ikamfikia.

"Ndugu yangu, umekunywa?"

"Nimekunywa, Mchungaji. Lakini leo umenizidi."

Shemasi mmoja akakemea kwamba Mungu hamtumii mlevi. Mjomba akawa anakamua suruali. "Na Nuhu je?"

"Nuhu alilewa baada ya gharika!"

"Basi mimi nimewahi kidogo."

Nikautazama ule mkono ulionitoa majini, bado unatetemeka kwa pombe ya jana. Nikajisemea, kumbe hata hizi hasira zangu Mungu hazimshindi.

Mchungaji, akijifuta machozi ya kicheko, akasema Roho Mtakatifu hajatajwa, turudi tukamalizie. Nikakubali kwa sharti moja: mjomba asimame katikati yetu.