Frankel alimshinda nani?

Mbio 14, ushindi 14. Rekodi ya Frankel, farasi wa mbio wa Uingereza, haina doa, na pengine ndiyo sababu wakosoaji wake huulizia kisichomo ndani yake: hakukimbia nje ya Uingereza hata mara moja, hakuingia Derby ya Epsom, mbio maarufu za Uingereza, hakwenda Ufaransa kuwania Arc wala Marekani kwenye Breeders' Cup, ambazo nazo ni mbio kubwa za kimataifa, na hakuwahi kujaribiwa kwenye mita 2,400. Hoja hiyo ina uzito. Farasi asiyesafiri hukutana na wale tu wanaomfuata nyumbani, na mbio za Sussex Stakes za 2012, zilizokuwa na farasi wanne, hazikumpima kwa lolote.

Tatizo ni dai linalofuatia, kwamba alikuwa akishinda vibonde. Mtazameni farasi Excelebration. Kati ya Aprili 2011 na Juni 2012 alikutana na Frankel mara tano na kushindwa zote. Mara ya mwisho, katika mbio za Queen Anne Stakes kwenye uwanja wa Ascot, aliachwa kwa urefu wa farasi 11. Anayesoma takwimu hizo peke yake atamwona kuwa msindikizaji tu. Lakini Frankel asipokuwepo, msindikizaji huyo alitwaa Prix du Moulin mwaka 2011, kisha Prix Jacques le Marois na Queen Elizabeth II Stakes mwaka 2012, zote za daraja la kwanza, na hiyo ya mwisho aliichukua Ascot siku ile ile ambayo Frankel alikuwa akiaga mbio. Hata Nathaniel, aliyeshindwa kwa nusu urefu tu siku wote wawili walipokimbia kwa mara ya kwanza mwaka 2010, baadaye alishinda King George, mbio nyingine kubwa za Uingereza. Kama hao ni vibonde, basi mbio za Ulaya za miaka ile hazikuwa na farasi.

Kuhusu masafa, wanaosahau tabia ya Frankel humwonea mkufunzi wake, Henry Cecil. Katika St James's Palace Stakes ya 2011 farasi huyu alifyatuka mapema mno, na farasi Zoffany nusura amfikie. Ilibidi afundishwe kutulia kwanza ndipo aongezewe umbali. Alipoongezewa, kwenye uwanja wa York mwezi Agosti 2012, alishinda kwa urefu wa farasi saba, na wa tatu alikuwa St Nicholas Abbey, mshindi wa Breeders' Cup Turf ya mwaka uliotangulia.

Nakubali kwamba hesabu za viwango, yaani pointi wanazopewa farasi ili kulinganishwa, zina utata. Frankel alipewa pointi 140, na akawa juu ya wote katika orodha ya kimataifa baada ya Dancing Brave, farasi wa miaka ya 1980, kushushwa kutoka 141 hadi 138 mnamo Januari 2013, jambo linalofanana mno na ushindi wa mezani. Ila Cirrus des Aigles, bingwa mtetezi wa Champion Stakes na farasi aliyependa ardhi yenye maji, alishindwa na Frankel uwanjani, katika mbio za mwisho za Frankel na kwenye ardhi ile ile aliyoipenda.